Siku tatu, kisha jukwaani: uchambuzi wa kisa cha mchekeshaji aliyefiwa

Kuhusu kisa hiki

Visa vya namna hii huandikwa bila majina, lakini hiki hakifichiki. Ukishasema "mwimbaji wa Kiskoti, kilti (ile sketi ya mikunjo ya wanaume wa Kiskoti) kiunoni, fimbo iliyopindapinda mkononi", anayejua historia ya jukwaa atakumalizia sentensi: Harry Lauder. Yeye nimemtaja, kwa kuwa alijiweka mbele ya watu kwa hiari yake na amelala kaburini tangu 1950. Mkewe, mwanawe, mchumba wa mwanawe, shemeji yake aliyekuwa meneja wake, na wenye ukumbi wa London nimewaacha bila majina. Hao hawakuomba kuishi jukwaani, na kisa kinaeleweka bila wao kutajwa.

Swali lenyewe ni hili. Msanii ambaye mkate wake ni kuchekesha watu anafiwa na mtoto wake wa pekee katikati ya msimu wa maonyesho. Arudi kazini lini? Arudi akiimba nini? Na anayeamua ni nani? Mameneja wa wasanii wanaulizwa maswali haya mara nyingi kuliko wanavyokiri, na kwa kawaida wanaulizwa kwa simu, usiku, tiketi zikiwa zimeshauzwa. Nimechagua kisa cha zaidi ya miaka mia iliyopita kwa sababu matokeo yake tunayaona yote, hadi mwisho. Kisa cha juzi kingetuonyesha wiki ya kwanza tu.

Usuli

Lauder alizaliwa tarehe 4 Agosti 1870 huko Portobello, kando ya Edinburgh, mkubwa kati ya ndugu saba. Baba yake alifariki 1882, mama akabaki na mzigo wa watoto, akarudi kwa watu wake Arbroath. Kijana akaingia kiwanda cha kitani kwa utaratibu wa siku zile, nusu shule nusu kazi. Mwaka 1884 familia ikahamia Hamilton, kwenye machimbo ya makaa ya mawe, naye akashuka mgodini, akakaa huko karibu miaka kumi.

Huko chini ndiko alikoanza kuimba mbele ya watu. Wachimbaji wenzake walimpenda sauti, wakamsukuma aende kwenye mashindano ya waimbaji wasio wa kulipwa. Malipo yake ya kwanza ya maana aliyapata Larkhall: shilingi tano. Baadaye akajiunga na vikundi vya kuzunguka, na mambo yalipokwama alirudi tena mgodini, kisha akajaribu upya. Naikumbusha sehemu hii kwa kuwa wengi humwona tayari na kilti yake, kana kwamba alizaliwa nayo. Mtu huyu alijua hasa kulala njaa ni nini, na alijua pia kwamba ukumbi ukifungwa, si nyota anayeumia kwanza. Anayeumia kwanza ni mpiga fidla, mshonaji wa nguo, na yule anayeinua pazia.

Mwaka 1900 akaenda London, akapata nafasi kwenye kumbi za burudani. Wakati huo sehemu kubwa ya nyimbo zake za vichekesho zilikuwa za mtindo wa Kiayalandi. London ndiko alikogundua kwamba Uskoti wake unauzika. Basi akajitengeneza: kilti, kofia ya sufu, mkoba wa ngozi unaoning'inia mbele, na ile fimbo. (Kuna aina ya mti wa hazeli wenye matawi yaliyojisokota ambao hadi leo unaitwa fimbo ya Harry Lauder.) Inafaa kusema wazi kwamba kilti ni vazi la watu wa nyanda za juu za Uskoti, na huyu alikuwa mchimba makaa wa nyanda za chini. Alivaa vazi la jirani yake, akaliuza dunia nzima kama lake. Lafudhi nayo aliilainisha kiasi kwamba mtu wa Chicago au Melbourne alimwelewa, na bado akahisi anasikiliza kitu cha mbali.

Biashara ikakubali. Mwaka 1905 aliimba katika onyesho la msimu wa Krismasi mjini Glasgow wimbo wa mapenzi wa kuchekesha uliomfanya awe jina la kila nyumba. Mwaka 1907 akavuka kwenda Marekani kwa mara ya kwanza, na alifika huko mara 22 maishani mwake, nyingine akisafiri ndani ya treni yake maalumu. Ndiye msanii wa kwanza wa Uingereza kuuza santuri milioni moja. Alikuwa na nyumba, ardhi, na sifa ya ubahili aliyoikuza mwenyewe kwa makusudi, maana utani wa Mskoti asiyetaka kutoa senti uliwachekesha watu kila alikokwenda.

Mwanawe alizaliwa 1891, mwaka uleule wazazi wake walipooana. Baba alishuka mgodini akiwa mtoto, lakini mtoto huyu alisoma Cambridge. Vita vilipoanza Agosti 1914, baba alikuwa ziarani Australia na kijana yuko naye huko. Alikuwa tayari ofisa wa akiba katika kikosi cha Argyll and Sutherland Highlanders, akaitwa kwa telegramu arudi.

Jambo moja la usuli huwa linarukwa, nami sitaliruka. Mwaka 1915 Lauder aligharamia kutoka mfukoni mwake bendi ya wapiga zumari na ngoma iliyozunguka nchi kuwahamasisha vijana wajiandikishe jeshini. Alikuwa ameshawaita watoto wa watu waende vitani kabla ya vita kumchukua wake.

Mambo yalivyotokea

Desemba 1916 Lauder alikuwa London, kinara wa onyesho la nyimbo na vichekesho katika ukumbi wa Shaftesbury. Mkewe alikuwa Uskoti. Mwanawe, sasa kapteni, alikuwa kwenye mstari wa mbele karibu na Pozières, eneo la Somme, Ufaransa.

Jumatatu tarehe 1 Januari 1917, asubuhi, mlango uligongwa, akakabidhiwa telegramu. Lauder aliandika baadaye kwamba alijua kilichomo kabla hajaifungua. Mwanawe alikuwa ameuawa tarehe 28 Desemba, siku ya Alhamisi. Jambo lililomkaa rohoni, na ambalo alilisisitiza katika simulizi lake, ni hesabu ya siku: kijana alikuwa maiti kwa siku nne, na katika siku hizo baba yake alikuwa jukwaani akichekesha watu.

Tena Mwaka Mpya kwa Waskoti si siku ya kawaida. Ndiyo sikukuu yao kubwa, siku ya kugonga milango ya majirani na kutakiana heri. Mwaka ule kwake, aliyegonga mlango alikuja na tanzia.

Ukumbi ukafungwa. Lauder akapanda treni kwenda kaskazini kwa mkewe. Hapakuwa na mazishi, kwa kuwa hapakuwa na maiti: tangu 1915 mamlaka za Uingereza zilikuwa zimezuia kurudisha miili ya askari nyumbani. Kijana alizikwa kulekule Ufaransa, kwenye makaburi ya kijeshi ya Ovillers.

Siku tatu baada ya kupata habari, Lauder alirudi jukwaani.

Kwa msomaji wa pwani ya kwetu siku tatu hizo zina mlio wake, maana ndizo siku za matanga. Lakini kuanua matanga ni kurudi shambani au dukani. Huyu alirudi kwenye kilti na utani. Mbaya zaidi, onyesho lile lilikuwa na wimbo wake wa vita unaozungumzia siku vijana watakaporudi nyumbani washindi, na ndani ya kiitikio kuna mstari wa mama akimbusu mwanawe kando ya moto. Mstari huo ulikuwa pale kabla ya msiba. Usiku ule wa kurudi uliendelea kuwa pale. Lauder alisimulia kwamba hapo ndipo sauti ilipotaka kumkatika. Aliuimba hadi mwisho.

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa kurudi. Sababu zake, kama alivyozieleza mwenyewe, zilikuwa mbili, na nadhani uzito wa kila moja haukuwa sawa na mwenzake. Ya kwanza ni riziki za watu. Onyesho lilimtegemea yeye, na likifa yeye akiwa nyumbani, watu wengi wangekosa mshahara katikati ya baridi ya Januari. Ya pili ni neno lililoletwa kutoka Ufaransa: aliambiwa kwamba neno la mwisho la mwanawe kwa askari wake lilikuwa la kuwataka waendelee. Baba akalichukua neno hilo kama agizo kwake pia.

Mimi sababu ya pili naiogopa kidogo. Neno la marehemu ni zito, na mfiwa ambaye hajalala siku tatu hawezi kulipima. Mwanawe alikuwa akiwaambia askari walio chini ya risasi wasirudi nyuma. Hakuwa akimwambia baba yake avae kilti. Ile ya kwanza ndiyo naiamini zaidi, kwa sababu inalingana na mtu aliyewahi kupokea shilingi tano Larkhall. Lakini ya pili ndiyo iliyoenea magazetini, na ndiyo aliyoibeba maisha yake yote.

Uamuzi wa pili haukutangazwa, na kwangu ndio wenye mafunzo mengi kuliko yote: hakuubadilisha wimbo. Meneja yeyote mwenye huruma angemwambia, kaka, ule wimbo tuuache, weka mwingine. Huruma hiyo ingeharibu kila kitu. Kila aliyekaa ukumbini alikuwa amesoma habari. Kama mstari ule ungeondolewa, pengo lake lingesikika kuliko mstari wenyewe, na watu wangekaa usiku mzima wakimwonea aibu badala ya kumsikiliza.

Uamuzi wa tatu ulikuja miezi michache baadaye: kwenda Ufaransa kwenyewe. Juni 1917 alivuka bahari na wenzake wawili, mchungaji mmoja na mbunge mmoja, hadi safari ikapewa jina la utani, "Ziara ya Mchungaji Harry Lauder, Mbunge", kana kwamba ni mtu mmoja. Walibeba sigara za kugawia askari na piano ndogo ya oktavu tano, iliyotengenezwa iingie kwenye gari. Aliimba kwenye hospitali, kando ya barabara, kwenye mahandaki karibu na Arras, mara nyingi zaidi ya mara moja kwa siku, mizinga ikisikika.

Katika safari hiyo alifikishwa Ovillers. Wenzake walimwacha aende peke yake. Msalaba ulikuwa wa mbao kati ya misalaba mingine mingi ya mbao, na mzee yule wa miaka 46 alijilaza juu ya udongo. Kisha akanyanyuka, akarudi kwenye gari na piano yake, ziara ikaendelea.

Uamuzi wa nne ulikuwa wa fedha. Septemba 1917 alizindua mfuko uliobeba jina lake, lengo likiwa pauni milioni moja, kwa ajili ya askari na mabaharia wa Kiskoti waliorudi wamekatika viungo. Hawa walihitaji kuanza maisha upya, duka dogo, shamba, ufundi. Mtu ambaye utani wake wote ulikuwa juu ya ubahili sasa alisimama mbele ya watu akiomba, na watu wakatoa. Utani wa ubahili ulimsaidia: hakuna ombi lililosikika kwa urahisi kuliko la bahili mashuhuri anayetoa kwanza.

Matokeo

Kwa muda mfupi, mafanikio matupu. Onyesho liliendelea. Kitabu chake cha 1918 kuhusu safari ya Ufaransa kilisomwa pande zote mbili za Atlantiki. Mwaka 1919 Mfalme George V alimpa daraja la usir, heshima ya kuitwa "Sir", na hakuna msanii wa kumbi za burudani aliyewahi kupewa kabla yake. Kabla ya hapo kumbi hizo zilihesabiwa mahali pa walevi na wahuni, kwa hiyo wengi katika kazi ile waliona wamepandishwa cheo pamoja naye.

Kwa muda wa kati, wimbo. Mwaka 1924, miaka saba baada ya telegramu, alitoa wimbo wa kutembea bila kukata tamaa hadi mwisho wa njia. Hauna utani ndani yake. Ndio uliotoka moja kwa moja kwenye ule msiba, na katika kazi zake zote ndio uliodumu kuliko vichekesho vyenyewe. Mwaka 1956 mashabiki wa klabu ya Birmingham City waliuchukua wakati timu yao ikielekea fainali ya Kombe la FA, na mpaka leo wanauimba uwanjani. Wengi wao hawajui habari za Pozières.

Kwa muda mrefu, picha inachafuka. Mkewe, aliyekuwa akifuatana naye kwenye safari nyingi, alifariki 1927. Lauder aliendelea kuzunguka, akaaga na kurudi, akaaga tena. Safari yake ya mwisho Marekani ilikuwa 1932. Vita vya pili vilipokuja, mzee alitoka tena kuwaimbia askari na kusikika redioni. Alifariki tarehe 26 Februari 1950 nyumbani kwake Strathaven, na umri wa miaka 79.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Wengi wanaosimulia kisa hiki hukimbilia neno ushujaa. Neno hilo halimsaidii meneja, kwa kuwa ushujaa huwezi kuupanga kwenye ratiba. Afadhali tuangalie mambo yaliyokuwa yanapangika.

Angalia kwanza waliokaa ukumbini. Vita vya Somme vilikuwa vimeisha Novemba 1916. Siku yake ya kwanza peke yake, tarehe 1 Julai, jeshi la Uingereza lilipoteza zaidi ya watu 57,000, kati yao zaidi ya 19,000 wakiwa wamekufa. Januari 1917, katika ukumbi wowote wa London, ni vigumu kuamini kwamba kulikuwa na safu isiyo na mfiwa. Na wote hao walikuwa kama Lauder: hawakuosha maiti, hawakubeba jeneza, hawakumwaga udongo. Walikuwa na karatasi ya telegramu tu.

Kwa hiyo usiku ule, mtu aliyefiwa aliimba mstari wa mama na mwanawe mbele ya mamia ya wafiwa wasio na makaburi. Ukumbi ule uliwapa matanga ambayo vita viliwanyima. Ndiyo maana haikuonekana kuwa ni ukosefu wa heshima. Mwanamuziki huyohuyo akirudi siku ya tatu mbele ya watu wenye furaha, kwenye mji usio na msiba, angeonekana amechanganyikiwa au ana tamaa. Siku tatu si kipimo cha kunakili. Nalisema hili kwa sauti kubwa, maana nimeshasikia mapromota wakitaja mifano ya namna hii kumsukuma msanii wa watu arudi kabla udongo haujakauka.

Jambo jingine lililofaa ni kwamba alikuwa na kitu cha kuimba. Ucheshi mtupu usingeweza kubeba usiku ule. Ndani ya onyesho lake tayari kulikuwa na sehemu nzito, imekaa katikati ya utani, na watu walikuwa wameizoea. Mchekeshaji asiye na hata wimbo mmoja wa kweli kwenye mfuko wake hana pa kusimama siku ya msiba. Hili ni la kujengwa miaka kabla, wakati mambo ni mazuri na hakuna anayeliona la haraka.

Na uamuzi ulikuwa wake. Shemeji mtu, meneja, alikuwa karibu, na hakuna dalili katika simulizi la Lauder kwamba alimsukuma. Wenye ukumbi walikubali kufunga. Kule kufunga kulimpa nafasi ya kuchagua kurudi, badala ya kukosa nafasi ya kukataa. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyomwezesha baadaye kusema "nilirudi", na asiseme "nilirudishwa".

Kilichokwama

Hapa wanaompenda Lauder wanaweza kunikasirikia.

Kazi ilimsitiri, halafu ikakataa kumwachia. Ukisoma mwaka wake wa 1917 ni safari juu ya safari: London, Ufaransa, mfuko, halafu Marekani kuzungumza kwenye kambi na mikutano ya vita. Hakuna mahali anapokaa chini. Siku tatu za Januari ndizo pekee, na hizo nazo zilikuwa za treni. Kurudi jukwaani mapema si kosa lenyewe. Kosa ni kwamba baada ya kurudi hakupangiwa kupumzika. Msiba uliahirishwa, ukawa ziara, na ziara haikuisha.

Mkewe karibu haonekani katika hesabu. Naye alifiwa na mtoto wa pekee, tena hakuwa na jukwaa la kumpigia makofi. Kila uamuzi niliouorodhesha hapo juu unaelezwa kwa lugha ya baba: wajibu wa baba, wimbo wa baba, kaburi alilolilia baba. Katika familia ya msanii kuna wafiwa wengine ambao hawana tarehe za maonyesho, na timu inayomzunguka msanii huwasahau kwa sababu hakuna anayelipwa kuwakumbuka. Kadhalika mchumba wa kijana, ambaye hakuwa hata na cheo cha mjane.

Kisha kuna chuki. Kitabu cha 1918 kina kurasa za huzuni safi kabisa, na kando yake kurasa za chuki kali dhidi ya Wajerumani kama taifa. Namwelewa mwandishi. Lakini kwenye majukwaa ya Marekani huzuni yake iligeuzwa mafuta ya vita, na yeye mwenyewe ndiye aliyeyamimina. Mtu aliyewaita vijana kwa zumari mwaka 1915 alihitaji sana vita viwe na maana, la sivyo wito wake ungemrudia. Sijaona mahali alipolisogelea swali hilo ana kwa ana. Pengine lilikuwa halisogeleki.

Na ile kilti. Mhusika aliyejitengenezea mwaka 1900 hakuwa na umbo la kuzeeka wala la kuhuzunika. Kila usiku alipaswa kuwa yuleyule: mchangamfu, bahili, fimbo imepinda. Waandishi wa Uskoti waliokuja baadaye, mshairi Hugh MacDiarmid akiwa mbele, walimlaumu kwa kuiuza nchi yao kama kikaragosi, na lawama hiyo ina haki ndani yake. Mimi naiona pia kutoka upande wa mvaaji. Wimbo wa 1924 unaonyesha angeweza kuwa mwimbaji mwingine, mzito zaidi, lakini watu walikata tiketi kumwona yule wa fimbo, na meneja wake hakuwa na sababu ya kibiashara ya kuwapa mwingine.

Maswali ya kujadili na timu

Haya nimezoea kuyaweka mezani kwa mameneja, na sina majibu yanayolingana kila mara. Habari ikifika asubuhi na shoo ni usiku, nani ana mamlaka ya kufunga ukumbi bila kumuuliza mfiwa chochote? Msanii akisema "nataka kurudi", mtamuuliza tena baada ya siku ngapi, na nani atauliza? Kati ya nyimbo alizonazo leo, ni upi ungeweza kusimama usiku wa kwanza, na kama hakuna, mnafanya nini kuhusu hilo mwaka huu? Wafiwa wengine wa nyumba hiyo wanahudumiwa na nani? Na mkataba wa ziara una pengo la kupumzika baada ya kurudi, au una tarehe tu?

Nyongeza: makaburi

Lauder alikuwa na shamba kubwa Glenbranter, Argyll, na huko alijenga mnara wa kumbukumbu ya mwanawe. Shamba lenyewe aliliachia Tume ya Misitu, lakini kipande chenye mnara kikabaki cha familia, na mkewe alipofariki 1927 akazikwa hapo, kando ya jina la mtoto ambaye mwili wake uko Ovillers. Lauder mwenyewe, miaka 23 baadaye, alizikwa makaburi ya Bent, Hamilton, pamoja na mama yake na ndugu yake, karibu na machimbo alikoanzia. Watu watatu wa nyumba moja wamelala mahali patatu, na mmoja wao yuko nchi nyingine.